Muundi wa Bawabu

Maiti ana haki juu ya walio hai, na haki hiyo haioshwi na miaka. Kwa kulijua hilo, fundi cherehani mmoja, mwanamke aliyekwisha kuota mvi, alifunga kiduka chake asubuhi, akakunja kitambaa cheupe kipya, akashika njia ya maktaba kongwe ya utabibu katika mji wa kale. Huko ndiko baba yake alikokuwa bawabu. Alikwenda kumchukua akamzike.

Habari aliletewa na shemeji yake, seremala, aliyekuwa ametengeneza madirisha ya maktaba ile: katika ukumbi wa kusomea imesimamishwa mifupa ya mtu mzima, na muundi wa kushoto umepinda kama upinde. Mwanamke hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yake aliusimulia mguu ule mpaka alipoingia kaburini. Bawabu alianguka kutoka ngazini akimtafutia profesa kitabu. Profesa, kwa kumshukuru, akauunga mguu kwa mkono wake mbele ya wanafunzi ili wajifunze, akauunga upogo. Mtu wa watu akachechemea mpaka homa ilipomlaza katika hospitali ya jirani, asitoke tena. Mkewe alipofika kutoka kijijini, mtoto mgongoni, aliambiwa kwamba maiti ilikosa mwenyewe, ikachukuliwa kwa ajili ya elimu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ukumbi ulinuka ngozi kuukuu na dawa ya mende. Mifupa ilisimama kando ya mlango, palepale penye zamu ya bawabu. Hata kufa hakukumwachisha kazi.

Mwanafunzi mmoja akaingia mbio, akalipapasa paji la fuvu. "Babu Mtihani, leo usinitupe!"

Paji lile lilikuwa liking'aa kwa kupapaswa. Alipokuwa hai walimpita bila hata salamu.

Mkutubi, kijana mwenye miwani, akamsogelea. "Shikamoo, mama. Unatafuta kitabu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Vitabu nawaachia wenyewe. Mimi nimemfuata baba."

"Baba yako anasoma hapa?"

"Alikuwa akisimama hapa. Na mpaka leo amesimama."

Akauonyesha ule muundi, akaeleza yote kwa sauti ya chini. Mkutubi akavua miwani.

"Pole sana, mama. Lakini waliovunjika miguu ni wengi. Una uthibitisho gani?"

"Ninao huo mguu. Nani mwingine aliyeungwa hivyo, akafia mlango wa pili?"

Mkutubi akavaa tena miwani. "Hata nikikuamini, hii ni mali ya maktaba. Nimeajiriwa kuilinda. Na tukimtoa, wanafunzi watajifunza wapi mfupa ulioungwa vibaya?"

"Wajifunze kwa aliyeuunga!"

Macho ya mkutubi yakapanda, bila yeye kutaka, hadi kwenye picha ya profesa ukutani, kisha yakashuka. Mwenye picha alizikwa zamani, kwa heshima zote.

"Siwezi, mama. Nisamehe."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Huyu alivunjikia katika zizi la wengine, wakamfanya wao. Mwanamke akakikunjua kitambaa, akachuchumia, akamfunika baba yake toka utosini hadi nyayoni. Akainua mikono. "Sisi ni wa Mola, na kwake tutarejea," akaanza, akamwombea dua mpaka mwisho, kwa sauti. Wasomaji wakageuza shingo. Mkutubi hakumkataza, aliinamisha kichwa mpaka amina.

Mwanamke hakuwa amefika ngazi za nje aliposikia kicheko cha wanafunzi nyuma yake.

"He! Babu Mtihani kaoa leo? Hebu tumwone bwana harusi!"

"Kimya!" mkutubi akakemea. Kisha zikaja hatua za haraka, naye akatokea mlangoni akihema, kitambaa mkononi, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe.

"Mama, umesahau kitambaa chako."

"Si changu," akajibu. "Ni chake."

Akashuka ngazi mikono mitupu. Mkutubi akabaki amekishika, hajui akiweke wapi.