Neno Alilolificha Lorna

Huko kwenye mashamba ya ngano ya Montana, Lorna Tveit alimtafsiria Arlo, kaka yake kiziwi, tangu utotoni. Alipofika miaka hamsini akajiunga na mafunzo ya wakalimani wa lugha ya alama wa vijijini. Siku ya kwanza tu mwalimu akasema, "Mkalimani hafichi neno."

Lorna aliinamisha kichwa. Alikumbuka miaka ya nyuma, daktari alipowaambia kwamba mama yao hatamaliza wiki, naye akamtafsiria Arlo, "Atapona." Arlo akaenda kuvuna, mama akafa yeye hayupo.

Jioni ya siku ile ya kwanza ya mafunzo, Lorna alimweleza Arlo yote.

"Ulininyima kumuaga mama," Arlo akajibu kwa mikono, polepole.

Arlo alipougua mwezi uliofuata, aliomba mkalimani mwingine. Lorna alimpeleka hospitali kwa gari, akabaki nje na aibu yake.