Kutafuta Asiye Ndugu

Wifi yangu Raonaid alipewa uenyekiti wa ukumbi wa kisiwa kwa sababu alichelewa kutoka mkutanoni. Wenzake walipoona kiti kiko wazi walikumbuka kondoo, wengine wakakumbuka sufuria jikoni, na yeye aliyekuwa bado anafunga kamba za viatu akaambiwa hongera. Hivyo ndivyo tunavyochaguana huku. Kazi yake ya mshahara ni kupeleka barua kwa gari jekundu la posta, na kabla ya ujane alikuwa mke wa kaka yangu Murchadh, aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo akiwa anakata kondoo manyoya.

Ukumbi wenyewe ulikuwa bati juu, mbao pembeni na ndoo chini. Ndoo tulizizoea mno. Watoto wetu walijifunza dansi pamoja na mkunjo wa kulikwepa karai lililokaa mbele ya mpiga fidla, wakidhani ndivyo dansi ilivyotungwa. Kisha akaja mkaguzi wa halmashauri, akatazama juu, tone likamwingia jichoni, akasema paa lisipobadilishwa kabla ya baridi ya mwaka unaofuata mlango utapigwa kufuli. Ukumbi ukifungwa hatuna pa kufanyia arusi, matanga, wala pa kung'olewa meno daktari anapokuja. Tungebaki kila mtu kwake na upepo wake.

"Kuna fedha za bahati nasibu," Raonaid akasema. "Watu wanacheza huko mijini, wanakosa, na sehemu ya walichokosa inapewa vyama kama chetu."

Mchungaji akakohoa. Katika kanisa letu kamari ni kamari. Lakini siku ile tulikuwa tunakunywa chai ya matanga humo humo ukumbini, na tone likampata shingoni, likateremka taratibu ndani ya kola. Akafikiri. Akasema hakusikia vizuri kilichosemwa, na asingependa kirudiwe. Tukaichukua hiyo kuwa baraka.

Maombi yaliandikwa jikoni kwa mama yangu, Ciorstaidh, ambaye kwa Raonaid ni mama mkwe na kwa kisiwa kizima ni rejista ya koo. Watu wanadhani ugumu wa kuomba ruzuku ni kuandika. Si kuandika. Wenye mfuko wa bahati nasibu wanataka katiba ya chama. Tulikuwa nayo tangu enzi za babu zetu, ina kifungu kinachomkataza mtu kuingia na mbwa zaidi ya mmoja. Wanataka akaunti ya benki kwa jina la chama, ipo. Hesabu za mwaka zinanuka samaki wa moshi, lakini zipo. Wanataka makisio ya mafundi, siyo fundi mmoja aliye binamu yako. Na wanataka ueleze nani atafaidika. Raonaid akaandika, "Watu wote, na watakuwa wakavu." Nikamwambia hayo ni machache, aongeze maneno. Akaongeza "kabisa".

Tulikwama mahali pasipotarajiwa. Mfuko ulitaka watia sahihi wawili wasiohusiana kwa damu, kwa ndoa, kwa mapenzi, wala kwa kuishi nyumba moja.

"Wasio ndugu?" mama akauliza, sindano zake za kufuma zikasimama. "Wa wapi hao?"

"Wa hapa, mama," Raonaid akasema. "Mimi na Seonag, je?"

"Seonag kaolewa na kaka yako. Umesahau ulivyolia kwenye arusi yao?"

"Mimi na Eachann wa kivuko."

"Bibi zenu walinyonya titi moja."

"Kunyonya si damu, mama."

"Sawa. Na babu zenu walikuwa mtu na kaka yake."

"Mwalimu basi."

"Mwalimu kaolewa na nani?"

Kaolewa na mpwa wangu. Mama alikuwa anafurahi kuliko siku nyingi zilizopita. Akatupitisha kisiwa nyumba kwa nyumba, na kila tulipodhani tumempata mtu, yeye alimpata shangazi. Raonaid akaweka kalamu chini na kushika kichwa. Ndipo mama akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye soksi yake, "Yule wa nyuki."

Trevor Ollerenshaw alikuja kutoka Stoke, mji wa mbali huko bara, alikokuwa akitengeneza vyungu na birika, miaka kumi na moja nyuma. Alikuja na mizinga. Nyuki waliondoka na upepo wiki ya kwanza, yeye akabaki. Kila mkutano wa mwaka alinyoosha mkono kuomba kuingia kamati, na kila mwaka tulimwambia kwa heshima kwamba viti vimejaa, hata pale viwili vilipokuwa wazi mbele ya macho yake. Hatukuwa na ubaya naye. Alijifunza lugha yetu, aliokoa kondoo wetu kwenye mitaro, tukamshukuru, tukaendelea kumwita yule wa nyuki.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tulikwenda na skonzi. Raonaid akamweleza shida yetu mlangoni. Trevor akasikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote naomba mnihesabu mwenzenu," akasema. "Leo mnanitaka kwa sababu si mwenzenu."

"Hasa," Raonaid akajibu. "Nimepekua kisiwa kizima, Bwana Trevor. Asiye wetu ni wewe peke yako."

Akatafuna skonzi. Akauliza kama ipo nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone; sijaona mithali hiyo ikifaa kuliko siku ile.

Maombi yakaenda, na kungoja ni miezi. Trevor alikuwa na bidii ya mtu aliyengoja kuitwa. Asubuhi moja Raonaid alimkuta juu ya ngazi na nyundo, akamshika mguu. "Shuka. Ukipiga msumari mmoja kabla ya barua ya kukubaliwa hawatoi hata senti. Hawalipii kazi iliyokwisha kuanza." Akashuka. Nadhani mguu ule ndio ulioanzisha mambo.

Maana baada ya hapo gari la posta, ambalo kwetu sote hupiga honi na kupita, kwa Trevor lilisimama mpaka injini ikapoa. Mtu asiyepata barua ila orodha za mbegu! Kisiwani hakuna siri ya gari jekundu. Niliudhika, sitaficha. Kaka yangu alikuwa kaburini, na mama yake alikuwa dirishani, akiliona gari lile kila siku bila kusema neno.

Barua ikaja: tumepewa. Na ndani yake sharti, kwamba watia sahihi wabaki kuwa watu wasiohusiana mpaka paa liishe na ripoti ya mwisho ipokelewe. Siku hiyo hiyo Trevor alipanda ndani ya gari la posta, akavua kofia, akasafisha koo. Raonaid mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Usiniulize," alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Umevua kofia. Usiniulize, Trevor. Ukiniuliza nitajibu, na nikijibu bati limekwenda."

Wala isingesaidia Raonaid kujiuzulu na kunipa mimi kalamu, maana anayeoa huku ameoa kisiwa kizima. Siku hiyo asiye ndugu angekuwa hayupo. Na kuficha, Raonaid hafichi. Akamshusha Trevor njia panda, akaenda kugawa barua huku akilia.

Trevor akajifungia. Wiki nzima hakuonekana, kisha Eachann akaja na habari kwamba ameuliza nauli ya kivuko, ya kwenda tu. Akiondoka tumepoteza sahihi, paa, na Raonaid ameanza kukonda. Nikavaa koti nikaenda kwake. Sanduku lilikuwa wazi kitandani.

"Nilikuwa mgeni wenu wa bure," akasema. "Sasa ni mgeni wenu wa kazi. Na yeye hataki hata nimwulize."

"Kichwa chako kimefinyangwa pamoja na zile birika?" nikamwambia. "Alisema nini hasa?"

"Kwamba akijibu bati limekwenda."

"Jibu la hapana linaondoa bati?"

Akanitazama. Akakaa juu ya sanduku lake. Nilimwona akilipindua neno lile, upande huu na upande ule, mpaka masikio yakawa mekundu.

"Hapana ingeliacha bati pale pale," akasema polepole.

"Basi. Subira huvuta heri. Na usiniite shemeji mpaka msumari wa mwisho."

Nilirudi nyumbani nikamlilia kaka yangu kidogo, kisha nikamenya viazi.

Mafundi wa bara wanasema hawajawahi kusukumwa namna ile. Trevor aliwapelekea chai juu ya paa ili wasishuke. Aliwashikia mabati kwenye upepo uliokuwa ukimwinua yeye pamoja na bati. Kisiwa nacho kikajipa ulinzi: wakikaa benchi moja, mtu alikwenda kukaa katikati, na mara nyingi alikuwa mchungaji. Paa likaisha kabla ya theluji. Ripoti ikatumwa na picha za sakafu kavu, na tukangoja tena.

Barua ya kufunga jalada aliileta Raonaid, maana hakuna mwingine wa kuileta. Ilikuwa imeandikwa kwa majina yao wawili. Alipiga honi nje kwa Trevor, akaifungua mbele yake, akamsomea mpaka "tunawashukuru". Trevor akavua kofia.

"Uliza," Raonaid akasema. "Haraka, nina vifurushi."

Arusi ilifanyika ukumbini, mvua ikipiga juu na sisi tukiisikiliza kwa raha. Tulicheza mpaka viatu vikalainika, na kila mtu alipofika mbele ya mpiga fidla alijikunja kulikwepa karai ambalo halikuwepo. Mama alikaa kando, akala, akatazama. Hakuna aliyejua moyo wake, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Bi arusi alikuwa mke wa mwanawe.

Baada ya wiki chache tulikaa tena jikoni kwake, Raonaid na kalamu, safari hii kuomba majiko ya kupasha ukumbi joto. Ukumbi mkavu tulikuwa nao, lakini baridi ilikuwa ya kaburi. Katiba, ipo. Akaunti, ipo. Tukafika kwenye watia sahihi.

"Weka Trevor na Eachann," nikasema kwa mazoea.

Sindano za mama zikasimama. "Trevor yupi?"

"Trevor, mama. Si huyo hapo anakunywa chai yako?"

"Trevor wa Raonaid wa Murchadh wangu?"

Hivyo ndivyo anavyotaja watu wetu, mmoja ameshikana na mwenzake, walio hai na waliokufa. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la kaka yangu tangu tulipomzika. Raonaid akainamisha uso. Trevor alitaka kurudisha kikombe kwenye kisahani, akakosea, chai ikamwagika mezani.

"Huyo hafai," mama akasema. "Ana ndugu kisiwa kizima. Andikeni ukweli."

"Hafai kabisa, mama?" Raonaid akauliza.

"Kabisa. Mpe kitambaa afute meza, na skonzi."

Raonaid akalikata jina. Majiko hatujapata mpaka leo, kwa kuwa hatuna mgeni. Tunacheza na makoti.