Masomo ya Siri ya Cliff Entwistle

Kwa miaka mingi Cliff Entwistle alifanya kazi katika kiwanda cha mikate mjini Rochdale, wala hakuna jirani aliyepata kujua kwamba hajui kusoma. Mkewe, Nora, alihakikisha hivyo. Barua zote alizifungua yeye. Mkahawani mhudumu akimgeukia Cliff, Nora alitangulia kusema mzee ameacha miwani nyumbani, kisha akamchagulia. Jioni alimsomea gazeti, tangu matangazo ya vifo hadi mpira. Nora alikuwa karani wa shule, na jina la Entwistle alililinda kuliko vyombo vyake vya udongo mweupe.

Kisukari kilipoanza kumharibu Nora macho, alilisogeza gazeti karibu na pua. Baadaye akawa analikunja tu na kusema siku hizi hawaandiki la maana. Cliff akaelewa. Akamwambia anataka kujiunga na darasa la watu wazima pale maktaba, ajifunze, amsomee yeye. Nora alikataa katakata. Pale maktaba hupita watu wa kanisani, wangesema nini?

Basi Cliff akawa anapanda basi hadi Bury, mji wa jirani, akimwambia mkewe anakwenda kumsaidia rafiki kwenye kishamba chake. Akirudi alipitia sokoni kununua karoti, akihakiki chenji mwenyewe, maana na hesabu alifundishwa. Nora alizisifu sana karoti hizo, naye Cliff akaona haya.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote. Siku ya kompyuta, fundi mmoja wa kuezeka mapaa aitwaye Bernard alimtazama akihangaika na kipanya, akacheka.

"Mzee, hicho hakikandwi. Kiguse tu."

"Mkono umezoea unga, mwanangu," Cliff akajibu. Neno la kwanza alilolichapa lilikuwa Nora.

Kabla ya mtihani wa kumaliza darasa, moyo wa Nora ulidhoofika, akalazwa. Jioni muuguzi alileta kadi ya vyakula vya kesho, akampa Cliff. "Baba, mchagulie mama."

"Hana miwani," Nora akasema upesi, kwa ile sauti yake nyembamba, akanyoosha mkono kuichukua.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakisikiliza. Cliff aliweka kidole chini ya maneno.

"Pai ya kuku," akasoma polepole. "Viazi vya kuponda. Njegere."

Alitaraji mkewe atabasamu. Nora alingoja hadi muuguzi alipoondoka.

"Umejifunzia wapi?"

"Bury."

"Nani anajua?"

"Hakuna mtu wetu."

Nora akageukia ukuta. "Basi mimi sina kazi tena," akasema.

Usiku huo Cliff hakufungua daftari lake. Mwalimu alipompigia simu kumkumbusha mtihani, alimshukuru, akamwambia hatakuja.

Jioni iliyofuata kadi ilipoletwa, aliiweka mikononi mwa mkewe. "Nisomee, Nora."

Nora aliinyanyua hadi usoni. Alikuwa ameishika juu chini. Mama wa kitanda cha pili aliona, akafungua kinywa. Cliff akamtazama, naye akakifunga.

"Nyama ya kondoo," Nora akasoma, "na mchuzi wa mnanaa." Ndicho chakula alichokuwa akimpikia Jumapili.

Kadi ilikuwa na samaki, na supu ya mboga.

"Kondoo atakufaa," Cliff akasema, akatia alama kwenye samaki.

Adhuhuri ya kesho yake alimlisha mwenyewe. Nora alitafuna muda mrefu, akameza.

"Wapishi wa hapa hawajui kondoo," akasema.

"Hawajui kabisa," akasema Cliff, akachota kijiko kingine.