Jiwe la Usagara

Kila ninaposaga ugoro dukani kwangu Ng'ambo, huku kwetu bara, harufu yake hunirudisha darasani. Nyumbani bibi aliusaga kwa jiwe la kijivu lenye punje nyekundu. Babu yake, mpagazi wa pembe za ndovu, alilibeba kutoka milima ya Usagara, iliyo njiani, aliporudi toka pwani, liwe ushahidi kwamba alifika huko kwa miguu yake.

Siku mwalimu alipofundisha milima ile, iliyokuwepo mamilioni ya miaka kabla Mlima Kilimanjaro haujachomoza, nililipeleka shuleni.

"Mwalimu, hili limetoka huko."

Hata hakuliangalia vizuri. "Hili la mtoni, hapo Ntalikwa tu. Babu zenu walibeba mizigo ya watu, hawakubeba elimu."

Darasa zima lilicheka. Akatoka nalo, akalitupa kwenye shimo la choo. Nilisikia lilivyotua.

Bibi hakunipiga. Alisaga ugoro wake kwa chupa ya soda mpaka anakufa.

Juzi mwalimu alikuja dukani na mkongojo wake, akasimama akisubiri shikamoo. Wazee wote wa mtaa huu nawaamkia. Yeye sijamwamkia tangu siku ile.

Akaliona jiwe langu, nililolifuata mwenyewe Usagara kwa basi. Akalishika, akaligeuza kwenye mwanga, punje nyekundu zikang'aa.

"Zuri hili. Umelitoa wapi?"

"La mtoni," nikamjibu. "Hapo Ntalikwa tu."

Akanitazama usoni, kisha akaliweka taratibu mezani. Nikalichukua, nikaendelea kusaga.