Nilikwenda Delta Kumbakiza Zuhura

Nilikwenda delta ya Rufiji kumwomba mtu asihame. Zuhura alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi ya usingizi, yaani kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, kumlinda na kumwamsha salama. Kwa miaka miwili alikuwa muuguzi pekee wa usingizi katika kituo kimoja cha afya huko delta, na sasa alikuwa amekubaliwa kuhamia Utete, kwa mama yake. Wakubwa zangu chuoni waliona kwamba mimi atanisikiliza.

Alfajiri niliondoka Dar es Salaam kwa basi. Saa nne nilikuwa Kibiti, nikapata gari hadi Nyamisati. Hapo tulisubiri maji yajae, maana yakitoka, boti ya mashine haipiti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: wito, kina mama, thawabu.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumeshapita Mbuchi. Mikoko ikaachia, yakaonekana majaruba ya mpunga na paa la kituo. Zuhura alinipokea majini, amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alinipikia wali na kamba wa nazi. Habari ya uhamisho hatukuigusa.

Asubuhi iliyofuata, chai haijapoa, akaletwa Mwanahawa, mkulima wa mpunga, ana uchungu tangu jana yake na mtoto amekwama. Daktari alinawa. Zuhura alimchoma sindano ya ganzi mgongoni, akakaa upande wa kichwani, vidole kwenye mapigo ya mkono, akimuuliza habari za mavuno ili asiogope. Nilisimama pembeni na sikuona cha kumsahihisha. Mtoto wa kike akalia. Mama aliuliza kama ni mzima, Zuhura akamjibu ni mzima.

Mchana tulikaa kwenye ngazi za stoo ya dawa. Nilisema yote niliyoyapanga, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza. Mwaka jana baba yake alifariki Utete. Alikwenda kuzika, akakaa siku tatu. Siku ya pili yake, huku kituoni aliletwa mama mwenye shida kama ya Mwanahawa. Daktari alikuwepo na vifaa vilikuwepo. Wa kumlaza hakuwepo. Wakamkimbiza kwa boti, maji yakawa yametoka, wakakwama kwenye tope. Alifia humo, na mtoto wake tumboni.

"Mumewe hunisalimia kila siku," Zuhura alisema. "Huniuliza hali ya mama yangu. Hajawahi kunilaumu, mwalimu. Tangu siku ile sijatoka hapa, hata Kibiti sijafika. Nikioga nasikia naitwa."

Nikamwambia nitaomba aletewe msaidizi.

"Ulisema hivyo nilipokuja."

Kweli nilisema. Sikumwomba tena abaki.

Siku ya tatu tuliondoka pamoja. Mganga mfawidhi wa kituo, kwa kuwa bila Zuhura upasuaji ulikuwa umesimama, alitupakizia wajawazito wawili waliowahi kujifungua kwa kupasuliwa, wakasubiri Kibiti siku zao zifike. Hakuna aliyemuuliza Zuhura kitu. Mmoja wao alimshikia begi alipokuwa anapanda. Zuhura alilia kimyakimya mpaka mikoko ikaisha. Tulipofika Kibiti aliwasindikiza hadi mlango wa wodi, akawaaga kwa majina, akaenda kutafuta gari la Utete.

Niliporudi Dar es Salaam niliandika kwamba nimeshindwa. Jibu lilikuwa fupi: nipendekeze mhitimu mwingine. Safari ile ilinifunza kwamba mtu mmoja, awe na moyo wa namna gani, hawezi kuwa zamu zote za mwaka mzima. Niliwaambia wakubwa hivyo. Wakasema wanajua, ila wa kupeleka wawili hawana.

Darasani nina binti anayekaribia kuhitimu, mzaliwa wa Mtunda, si mbali na delta, hodari kuliko wenzake, anayependa kufanya kazi karibu na kwao. Niliandika jina lake, kisha nikamwita ofisini. Nilimwambia atakuwa peke yake, nikamweleza na yaliyompata Zuhura, bila kuficha. Nilitamani akatae.

Aliniuliza aripoti lini.