Kiti cha Kando ya Mume Wangu

Mama huyu ametuomba tufiche jina lake kamili na la kijiji chake. Soma kwa upole, kisha umjibu.

Bwana asifiwe, wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mkulima huku Makueni, nilisoma mpaka darasa la saba. Mume wangu ni kipofu tangu utotoni. Nilipoolewa watu walinicheka, lakini mimi nilifurahi. Barua, Biblia, nani amevaa nini kanisani, yote aliyapata kwa mdomo wangu.

Yeye ni karani katika mradi wa mbegu wa kanisa letu. Wageni waliwaletea kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye kioo. Nikavumilia. Kompyuta haijui Kikamba, kwa hivyo Biblia ya jioni ilibaki yangu.

Juzi wakaweka toleo jipya la hiyo programu. Kumbe kuna skripti, yaani maagizo madogo yanayoiambia isome nini mahali gani, na zile za zamani zikakataa kuelewana na toleo jipya. Mume wangu akitaka jina la mkulima, mashine inamsomea saa. Mkubwa wake akasema isipotengenezwa kabla ya mvua, kazi itapewa mtu mwenye macho.

Ndipo akaletwa Ruth, fundi wa kompyuta kutoka Machakos. Msichana mpole, ameokoka, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, maana sina hata cha kumshtakia.

Siku moja nikawapelekea ofisini muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nikakwama mlangoni. Wamekaa bega kwa bega.

"Nimebonyeza. Unasikia nini?" Ruth akauliza.

"Saa tena. Hii mashine inafikiri nimechelewa ibada!"

Wakacheka mpaka Ruth akafuta machozi. "Sasa mimi naona jina liko juu. Skripti inalitafuta chini, pale lilipokuwa zamani. Ngoja niielekeze."

Akaandika, akabonyeza, mashine ikataja jina. Mume wangu akapiga meza. "Ruth, wewe ndiye macho yangu!"

Ndugu zangu, hilo neno ni langu. Aliniambia mimi siku ya harusi. Niliweka sufuria chini nikaondoka bila salamu.

Jioni nikasoma Zaburi mbio mbio.

"Mama Mwende, kwani unafukuzwa?" mume wangu akauliza.

"Mwambie Ruth akusomee."

Akapapasa Biblia, akaifunga. Kisha akasema, "Ruth anamaliza mwisho wa mwezi. Lakini programu ikibadilishwa tena, skripti zitapotea tena, na lazima mtu aone wakati mimi nasikia. Ofisi inataka kumwandika yeye. Nimewaambia wangoje nimuulize mke wangu kama ataichukua hiyo kazi. Ruth yuko tayari kukufundisha."

Mimi! Na Kiingereza changu hiki cha kuombea maji! Nifundishwe na msichana ninayemwonea wivu, aone vile sijui kitu? Na nikikataa, atakaa pale kila siku, wakicheka. Nimefunga, nimeomba, sijapata amani.

Jana baada ya ibada Ruth alinishika mkono. "Mwaitu, mama yangu, njoo tuanze. Nitakupisha kiti changu, mimi nitasimama nyuma yako."

Kando ya mume wangu pana kiti kimoja tu. Mnaomcha Mungu, niambieni: nikakikalie nikiwa na moyo huu, ama nimwachie?