Chale za Bandama

Kazi ya Vaileth ukiisimulia mezani, watu wanaacha kula. Sumu za vita zikishavunjwa nguvu hubaki maji machafu, na kabla malori hayajayabeba, lazima ijulikane kama bado yanaunguza. Basi Vaileth huyadondosha kwenye vipande vya ngozi ya binadamu, ngozi halisi, iliyotolewa kwa hiari na wagonjwa waliopasuliwa hospitalini kupunguzwa matumbo.

Kanisani kwake Peckham, hapa London, walipopata habari, wakaanza kumpungia kwa mbali badala ya kumpa mkono. Wajinga! Anavaa glovu mbili mbili na kunawa kuliko daktari, lakini nani wa kumsikiliza? Tangu binti yake ahamie Kanada, akirudi nyumbani anawasha redio ili apate wa kumkaribisha. Upweke unamuuma, na hamwambii mtu.

Jumanne moja asubuhi akafungua pakiti kutoka kwenye friji ya maabara, akaduwaa. Ngozi nyeusi, na pembeni mistari mitatu ya chale fupi fupi. Alizijua. Ni chale za bandama, wanazochanjwa watoto tumbo likivimba kwa malaria. Yeye mwenyewe anazo, alichanjwa na bibi yake kule Mbozi.

"Huyu wa kwetu!" alimwambia Minal, mkuu wa zamu, mzaliwa wa mtaa wa Queensbury ambaye Kiswahili alikiokota jikoni kwa bibi yake aliyetoka Mwanza. "Dada, niangalizie jina tu. Labda bado yuko wodini, nimpelekee hata uji."

"Vaileth, you know the rules. Donor hana jina." Minal akainama kutazama. "Na yenye makovu hatuwezi ku-test. Weka kwenye mfuko wa taka za kuchomwa moto, please."

Vaileth akaufungua mfuko. Mtu amelala wodini humu humu London, pengine basi moja tu kutoka kwake, akazinduka bila wa kumwambia pole. Uchungu ukampanda. Akavua glovu, akaweka kiganja juu ya zile chale. Zilikuwa za baridi, lakini vinundu vyake ni vilevile anavyovipapasa tumboni kwake akioga.

Minal akageuka. "Vaileth! Umeishika na mkono mtupu? Sasa kwenye report niandike nini?"

"Andika nilikuwa namsalimia," akasema Vaileth, na mkono hakuutoa.